Gari la Wagonjwa Wakati wa Mlipuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa madereva, wauguzi wanaosindikiza rufaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji na ndugu wa wagonjwa. Majibu mengi yanaegemea Tanzania kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Penye funzo kubwa kwa jirani, nimelichukua huko. Namba za maswali zitakusaidia pale jibu moja linapokuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Afya ya jamii na gari la wagonjwa si kazi mbili tofauti? Zinakutana wapi?

Ni kazi mbili, ila ugonjwa hauzitenganishi. Afya ya jamii inaangalia watu wengi kwa pamoja: nani ameugua, wapi, kaupata kwa nani, na nani afuatiliwe. Gari la wagonjwa linamwangalia mtu mmoja aliyelala kwenye machela sasa hivi. Siku za kawaida pande hizi hukutana kwenye kikao cha bajeti na basi. Mlipuko ukianza, yule mmoja wa kwenye machela ndiye jina la kwanza kwenye orodha ya wale wengi.

Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa na damu. Maabara ya taifa ikathibitisha kuwa ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, na Serikali ikatangaza tarehe 21 Machi. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walikuwa wamefariki. Wawili katika wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya. Hesabu kama hiyo haibaki ndogo mpaka wanaotafuta wagonjwa na wanaowabeba wawe wanasemezana kila saa.

2. Nipige namba gani: 115 au 199?

Tanzania, 115 ni namba ya kuita gari la wagonjwa, na wengi wanaijua kupitia mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga. 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya, cha kuuliza na kutoa taarifa za magonjwa. Zote ni bure. Mgonjwa akiwa hoi, anza na 115. Ukiona jambo la kutia shaka, kwa mfano watu watatu wa nyumba moja wamekufa ndani ya wiki mbili, piga 199 hata kama hakuna wa kubebwa.

Rwanda ni 912 kwa gari la wagonjwa na 114 kwa taarifa za afya. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea dharura kwa 1199.

Mwananchi asibebeshwe mzigo wa kuchagua namba sahihi. Anayepokea 115 akisikia dalili za ugonjwa wa mlipuko, ni wajibu wake kuwafikishia habari watu wa ufuatiliaji wa magonjwa. Na anayepokea 199 akisikia mtu anahema kwa shida, aite gari mwenyewe badala ya kumwambia mpigaji "kata, upige namba nyingine." Wilaya ambayo haijapanga jambo hili ina namba mbili zisizojuana.

3. Kwa nini tushughulike sasa wakati hakuna mlipuko?

Kwa sababu siku ya mlipuko hakuna anayesikiliza somo. Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Ebola ilipokuwa inawaka Kivu Kaskazini, nchini Kongo, kuanzia Agosti 2018, Uganda haikusubiri. Ilichanja karibu wahudumu wa afya 4,700 walio mstari wa mbele, ikaandaa vituo vya kutengea wagonjwa wilaya za mpakani na ikafundisha watu kuvaa na kuvua vifaa kinga. Juni 2019 familia moja ikavuka kutoka Kongo hadi Kasese ikiwa na mtoto wa miaka mitano aliyeambukizwa. Familia ile ilipoteza watu, na inauma. Lakini ugonjwa haukusambaa kwa Waganda.

Zingatia kuwa chanjo ile ni ya Ebola aina ya Zaire tu. Haizuii Ebola aina ya Sudan wala Marburg. Kwa hizo tunategemea glavu, klorini na mawasiliano.

4. Nani anamwamuru nani?

Swali hili limevunja vikao vingi. Tanzania, kiafya msemaji ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na juu yake Mganga Mkuu wa Mkoa. Jambo likivuka sekta ya afya, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaziweka mbele kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji. Magari mengi ya wagonjwa yako chini ya halmashauri, lakini mengine ni ya hospitali za mashirika ya dini, migodi au watu binafsi, na hayo hayasimami kwenye msururu wa amri mpaka muwe mmeandikiana makubaliano mapema.

Kenya, Katiba ya 2010 imelitaja jambo hili waziwazi: Jedwali la Nne linaweka huduma za ambulansi mikononi mwa kaunti, huku hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Mgonjwa akitoka kaunti moja kwenda nyingine, makubaliano kati ya kaunti hizo ndiyo yanayoamua kama gari litapokelewa au litazungushwa getini.

Ushauri wangu ni kuwa, kabla ya kuuliza nani mkubwa, mwulizane nani anapigiwa simu saa nane usiku. Liandikwe jina moja na namba moja, na jina la pili kama la kwanza halipokei.

## Simu inapoingia

5. Mpokea simu aulize nini ili asiwatume watu kwenye moto bila maji?

Maswali machache, na yaulizwe kila simu, mlipuko uwepo usiwepo. Mgonjwa ana homa? Anatapika, anaharisha au anatoka damu mahali popote? Kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivyo hivyo, au aliyekufa karibuni? Mgonjwa alihudhuria msiba, akaosha au akagusa maiti? Ametoka safari, ameingia pangoni au mgodini wenye popo, amemhudumia mgonjwa?

Swali la msiba lina uzito kuliko yote. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg unaambukiza sana, na kwetu kuosha maiti ni heshima ya mwisho ambayo ndugu hawezi kuiacha hivi hivi. Kwa hiyo liulizwe kwa upole. Ukisema "Poleni na msiba, nani walimwandaa marehemu?" utajibiwa. Ukisema "Mligusa maiti?" simu itakatwa.

Usiongeze maswali yakafika ishirini. Anayepiga ana mgonjwa pembeni na salio la simu yake halimshughulishi tena. Anataka kusikia gari linakuja.

6. Dereva ana haki ya kuambiwa mgonjwa anaumwa nini? Je, si siri ya mgonjwa?

Siri ya mgonjwa inamlinda dhidi ya wasiohusika. Dereva anayemwinua mgonjwa kutoka kitandani anahusika. Si lazima ajue historia nzima ya maradhi yake. Anachohitaji ni jibu la jambo moja kabla hajawasha gari: nijikinge vipi? Neno kama "mhisiwa wa homa ya kutoka damu, vaeni vifaa kamili" linatosha. Mhisiwa ni mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa kabla maabara haijathibitisha.

Sehemu nyingi neno hilo anaambiwa muuguzi peke yake, na dereva analisoma usoni mwa muuguzi anapoona anavaa glavu mbili. Hii ni dharau, na ni hatari. Dereva ndiye anayekamata upande wa miguu wa machela, anayefungua mlango wa nyuma kwa mkono uleule anaoshikia usukani.

Kwa upande wake, dereva naye afunge mdomo. Jina la mgonjwa likifika kijiwe cha bodaboda kabla ya gari kufika hospitali, familia ile haitapiga simu tena.

7. Simu za kuomba gari zinaweza kutuonya kabla maabara haijasema?

Zinaweza, iwapo kuna anayezisoma. Kata ambayo kwa kawaida inaita gari mara mbili kwa wiki ikaita mara sita, zote zikiwa za homa na kutapika, imekwisha kusema. Uingereza wamezoea kuchambua simu za namba yao ya ushauri wa afya, 111, kwa njia hiyo. Sisi hatuhitaji kompyuta kubwa. Daftari la simu, kalamu nyekundu na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa anayelipitia kila asubuhi vinatosha kuanza.

Kuna kipimo kinachotumika sasa kinachoitwa 7-1-7: mlipuko ugunduliwe ndani ya siku 7, taarifa itolewe ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku 7. Zile saba za kwanza ndizo ngumu, na ndizo ambazo dereva na muuguzi wa gari wanaweza kuzifupisha.

## Ndani ya gari

8. Kila mwenye homa tumvalie suti nzima ya kinga?

Hapana. Mkifanya hivyo vifaa vitakwisha kwa wiki moja na watu watawakimbia (tazama swali la 14). Kila safari ina kinga ya kawaida: glavu, mikono safi, na barakoa kwa anayekohoa. Kinga inapanda kulingana na majibu ya swali la 5.

Ugonjwa unaosafiri kwa hewa, kama UVIKO-19 au kifua kikuu, unataka madirisha wazi, mgonjwa avae barakoa, msindikizaji avae ile inayobana uso, na sehemu ya dereva itenganishwe na nyuma kama gari linaruhusu. Kipindupindu kinataka ndoo yenye mfuniko, glavu na aproni isiyopitisha maji, pamoja na maji ya chumvi na sukari au dripu njiani, kwa kuwa kinachomwua mgonjwa ni upungufu wa maji. Mpox inataka usiguse vipele wala shuka kwa mkono mtupu. Ebola na Marburg ndizo zinazotaka mwili wote ufunikwe.

Na hatari kubwa iko kwenye kuvua. Mtu ametoka jasho, miwani ya kinga imejaa ukungu, anataka hewa, mkono unakwenda usoni wenyewe. Ndiyo maana havui mtu peke yake. Anasimama mwenzake mbele yake, hatua mbili kutoka kwake, anamsomea hatua moja moja kwa sauti: nawa, vua aproni, nawa, sasa glavu za juu, pole pole, nawa. Barakoa inatoka karibu na mwisho, kwa kushika kamba za nyuma. Nimemwona kijana shupavu akianza kulia ndani ya suti kwa joto la saa saba mchana, na mwenzake akiendelea kumsomea bila kupandisha sauti mpaka alipomaliza salama.

9. Gari linaoshwaje baada ya kumshusha mhisiwa?

Kwanza anayelisafisha awe amevaa vifaa kinga, kwa sababu mfanya usafi ni mhudumu kama wengine. Damu na matapishi yafunikwe kwa kitambaa chenye klorini, yaondolewe, kisha paoshwe kwa sabuni na maji. Klorini ikikuta uchafu inapoteza nguvu zake kwenye uchafu wenyewe. Baada ya hapo pitisha klorini ya asilimia 0.5 kila palipoguswa, uache dakika 10, halafu futa kwa maji safi ili vyuma visiliwe na kutu.

Jik ya dukani yenye asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Ukitumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita moja. Soma chupa, maana nguvu zinatofautiana. Mchanganyiko wa jana umekwisha nguvu, mwaga. Na usichanganye klorini na dawa ya choo yenye tindikali, mvuke wake unaua.

Futa kwa kitambaa badala ya kupiga bomba. Kunyunyiza kunarusha uchafu hewani na kuacha mapengo. Na kwa hali yoyote mtu asinyunyiziwe, awe mgonjwa au mhudumu.

Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mara: kitasa cha mlango wa nyuma, mkanda wa machela, mpini wa mtungi wa oksijeni, redio ya gari, na simu ya mkononi ya dereva.

10. Ndugu wa mgonjwa apande?

Kwa mhisiwa wa Ebola au Marburg, hapana, isipokuwa mtoto mdogo, ambaye msindikizaji wake atavalishwa na kuandikwa. Lakini kumwambia mama "baki" na kufunga mlango si utaratibu. Mwambie gari linakwenda hospitali gani, mpe namba ya mtu atakayempa habari, na uhakikishe namba hiyo inapokelewa. Familia inayojua mgonjwa wao yuko wapi haimfichi mgonjwa wa pili.

## Baada ya safari

11. Dereva anahesabiwa miongoni mwa waliotangamana na mgonjwa?

Anahesabiwa, na hili nataka nilisimulie.

Dereva niliyefanya naye kazi miaka mingi alimpeleka mgonjwa wa homa usiku kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Siku nne baadaye alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, redio ikatangaza kwamba mgonjwa aliyelazwa pale siku ile amekutwa na ugonjwa wa kuambukiza. Akajua ni yule wake. Alinipigia akiwa bado na kitambaa shingoni. Siku zote nne alikuwa amekula na wanawe sahani moja.

Tulipoulizia, orodha ya waliotangamana ilikuwepo na ilikuwa nzuri: daktari, wauguzi, mtu wa maabara, mfanya usafi. Jina lake halikuwemo kwa sababu waliotengeneza orodha walisoma daftari la wodi. Jina la dereva liko kwenye daftari la safari, na daftari la safari linakaa ofisi ya usafirishaji, ambayo ilikuwa imefungwa wikiendi. Hakuna aliyemchukia. Madaftari mawili hayakukutana. Mungu alimsaidia, hakuugua, wala watoto.

Tangu siku hiyo kila wilaya ninayopita ninaomba jambo moja: fomu ya rufaa iwe na mstari wa jina na simu ya dereva, ya msindikizaji, namba ya gari, saa ya kuondoka na saa ya kufika, na jina la aliyelisafisha gari. Nakala ibaki kwa mgonjwa, siyo garini.

12. Akihesabiwa, anafanyiwa nini?

Kwa Ebola na Marburg anafuatiliwa siku 21, kwa kuwa dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Anapimwa joto kila siku na kuulizwa hali yake. Aliyekuwa amevaa kikamilifu na hakuna kilichochanika wala kuvuliwa vibaya, kwa kawaida anaendelea na maisha huku akifuatiliwa. Aliyeguswa na damu au matapishi anasimama kazi na kukaa mbali na wengine. Asiye na dalili haambukizi, na majirani waelezwe hivyo na mtu wanayemwamini.

13. Nani anamtunza dereva na familia yake katika siku hizo?

Mwajiri. Posho ya mtu aliyesimamishwa kazi kwa kuwa aliihudumia jamii isikatwe, na chakula kipelekwe nyumbani kwake. Rwanda, Marburg ilipozuka Septemba 2024, karibu asilimia 80 ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Jumla ya wagonjwa ilikuwa 66 na waliofariki 15, idadi ndogo mno kwa ugonjwa ambao kwa wastani huua nusu ya wanaoupata, na matibabu ya mapema yalichangia sana. Mhudumu atajitokeza mapema iwapo anajua kujitokeza hakutawalaza watoto wake njaa.

## Kijijini na mtaani

14. Watu wanakimbia wakiona gari. Tufanye nini?

Kwanza tukubali kuwa woga wao una sababu. Wameona gari linakuja na watu waliofunikwa kama hawana nyuso, limemchukua jirani, na jirani akarudi kaburini au hakurudi kabisa. Kule Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287, na wahudumu wakashambuliwa kwa mawe na hata kwa risasi. Palikuwa na vita na siasa ndani yake, lakini hofu ya gari ilikuwepo pia.

Njia iliyofanya kazi kila nilipoijaribu ni kutangulia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au mama anayeheshimika, afike nyumbani kwanza akiwa na nguo zake za kila siku, asimame uani, asalimie, aeleze. Gari lisimame mbali kidogo bila king'ora. Wahudumu washuke na nguo za kawaida, waonekane nyuso, wajitaje majina, ndipo wavae mbele ya watu. Dakika kumi hizo huokoa saa tatu za kumtafuta mgonjwa aliyepitishwa mlango wa nyuma kuelekea migombani.

15. Gari halipo. Tumpeleke kwa bodaboda au teksi?

Wengi wa wagonjwa wetu hufika hivyo, na kukataza tu hakusaidii. Mfumo wa m-mama umeonyesha njia: penye upungufu wa magari, madereva wa jamii waliosajiliwa mapema huitwa na kulipwa kwa simu. Orodha hiyohiyo inaweza kufundishwa kwa nusu siku kuhusu mlipuko: ni mgonjwa gani wasimbebe bali waite 115 au 199, na wakishambeba bila kujua wamwambie nani.

Kwa anayetapika damu katika eneo lenye mlipuko, bodaboda isitumike. Mwili unagusana na mwili njia nzima. Msubirini gari, mgonjwa apewe maji kwa kikombe chake, ahudumiwe na mtu mmoja tu, mwenye glavu.

16. Gari la wagonjwa libebe maiti?

Lisibebe. Kuna timu ya mazishi salama na yenye staha, yenye gari lake na watu wake. Mgonjwa akifia njiani, msigeuze gari kumrudisha kijijini hata ndugu wakiomba kwa machozi; endeleeni hadi hospitali na mpige simu mbele. Baada ya hapo familia ipewe nafasi ya kusali, kuona kwa umbali, na kuchagua sanda au jeneza.

## Mazingira magumu

17. Mjamzito anatoka damu na ana homa, katika eneo la mlipuko. Je?

Anabebwa, haraka. Huyu ndiye mgonjwa anayeonewa kuliko wote, kwa sababu dalili za uzazi uliokwenda vibaya zinafanana na za homa ya kutoka damu, na kila mmoja anamrusha kwa mwenzake. Vaeni kama mnavyovaa kwa mhisiwa, pigeni simu mbele ili chumba kiwe tayari, na hospitali ichague mapema ni wapi watazalishwa wahisiwa. Kusubiri majibu ya maabara kabla ya kuzuia damu ni kumwacha afe. Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na haikuandika "isipokuwa siku za mlipuko."

18. Tuko mpakani. Gari linavukaje?

Mara nyingi halivuki. Mgonjwa anabadilishwa gari mpakani, na hapo ndipo taarifa zinapopotea. Julai 2024 Kenya iligundua mgonjwa wake wa kwanza wa mpox kwenye kituo cha Taveta, dereva wa lori aliyekuwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya na Tanzania. Dereva mmoja, nchi nne. Maafisa afya wa pande mbili za mpaka wawe na namba za simu za wenzao, wajuane kwa sura, na karatasi ya mgonjwa ivuke pamoja naye. Kuhusu njia za panya, familia ya Kasese ya swali la 3 haikupita kituoni. Ndiyo maana zahanati za vijiji vya mpakani nazo ziwe kwenye mpango.

19. Wilaya nzima ina gari moja. Tutaligawaje?

Msiligawe. Gari la mhisiwa likisubiri kusafishwa, mama aliyekwama kujifungua anakufa. Tafuteni gari la pili la wahisiwa peke yake: pikapu ya halmashauri yenye turubai, gari la mgodi au la shirika la dini, na makubaliano yasainiwe sasa. Fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19 zilinunua pia magari ya wagonjwa. Ulizeni ya kwenu yako wapi, yanatembea au yamepandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi.

20. Mazoezi tunafanyaje bila bajeti?

Simu moja, siku isiyotangazwa. Mtu apige 115 aseme ni zoezi, aeleze mgonjwa wa swali la 5, na mwenzake aandike saa: saa ngapi mratibu wa magonjwa amepata habari, saa ngapi dereva ameambiwa ajikinge vipi, saa ngapi hospitali imejua. Halafu vaeni na kuvua kwa rangi ya chakula badala ya damu. Rangi ikionekana shingoni, mmejifunza.

21. Majibu ya maabara yametoka hasi. Nani amwambie dereva?

Mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, kwa simu, siku hiyohiyo, kabla hajawaambia wakubwa kwenye kikao. Amtajie tarehe ya safari na namba ya gari ili asichanganye na mgonjwa mwingine, na amwambie kama bado kuna kipimo cha kurudia. Kipimo cha mtu aliyeanza kuumwa chini ya siku tatu zilizopita kinaweza kukosa virusi, hivyo hasi ya kwanza huenda ikahitaji ya pili. Mpaka hapo dereva analala chumba cha peke yake. Simu ya pili ikija, na ikawa hasi, anarudi kula na watoto wake.